Mtetemeko wa Asubuhi: Khabari ya Gari la Haibridi Katika Baridi



Mwezi wa Januari mwanachama wetu mmoja wa kaskazini ya Pemba alifika ofisini na simu mkononi. Ni mzee wa heshima, na kwa kawaida haji ofisini ila ana neno la karafuu. Safari hii alisema, "Mwanangu Katibu, weka kalamu chini kwanza, usikilize gari la nduguyo linavyolia." Akatufungulia picha aliyoletewa na mwanawe kutoka London. Gari limeegeshwa kando ya njia, na juu ya vioo pana barafu nyembamba. Kijana anabonyeza kidude cha kuwashia, injini inaamka, na mara gari zima linatikisika kama punda aliyeingiwa na nyuki sikioni, na chini yake vyuma vinagonga. Baada ya sekunde 15 hivi likatulia, likawa kama halina neno.

Kijana huyu huchukua abiria kwa gari hilo. Ndiyo kazi yake, na ndiko wanakokula wanawe. Fundi wa kwanza alimwambia, "Ni baridi tu." Wa pili akamuuzia betri mpya. Wa tatu akasema injini imekwisha, sharti ibadilishwe yote. Basi mzee wetu alikuja kuomba mkopo katika mfuko wa chama, aulipe msimu ujao wa karafuu.

Kamati haikukubali wala haikukataa. Ilituagiza tutafute kwanza ukweli wa jambo lenyewe, kwa kuwa wanachama wengi wana watoto Uingereza, na wengine hapa kwetu wameanza kununua magari ya namna hii yanayotoka Japani. Sisi si mafundi. Tumewauliza wanaojua, tumesoma maandishi ya mafundi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Gari lenyewe ni Toyota Prius la mwaka 2011. Prius la kwanza kabisa liliuzwa Japani mwezi wa Desemba 1997. Hili la kijana wetu ni la toleo la tatu, lililoanza kutoka mwaka 2009. Mjini London magari haya yamekuwa mengi mikononi mwa wachukuzi wa abiria, kwa sababu hula petroli kidogo katika njia za mjini zenye kusimamasimama.

Haibridi maana yake ni mchanganyiko. Ndani yake mna injini ya petroli ya silinda 4, yenye ukubwa wa lita 1.8, na pamoja nayo mna mota mbili za umeme zinazolishwa na betri kubwa iliyowekwa nyuma. Likisimama kwenye taa, injini huzima yenyewe. Likienda polepole laweza kwenda kwa umeme peke yake. Likipanda mlima, petroli na umeme husaidiana. Dereva haamui, kompyuta ndiyo inayoamua.

Sasa shikeni jambo hili moja. Injini hii haina stata kama ya gari tulilolizoea. Anayeizungusha mpaka ikawaka ni mojawapo wa zile mota mbili, nayo hupata nguvu katika betri kubwa. Ile betri ndogo ya volti 12 kazi yake ni kuamsha kompyuta, kuwasha taa na mengineyo. Ikichoka, gari haliamki kabisa, au mbele ya dereva hutokea maonyo ya ajabu ajabu. Lakini yenyewe haizungushi injini. Kwa hivyo betri aliyouziwa kijana wetu ilikuwa betri nzuri, ila haikuhusu. Huenda fundi yule hakukusudia ubaya. Amezoea magari ya zamani, ambayo betri ikichoka asubuhi ya baridi injini huzunguka kwa uvivu.

Wala si kila ngurumo ya baridi ni maradhi, na hapa yule fundi wa kwanza alikuwa na nusu ya haki. Katika baridi petroli haigeuki mvuke kwa wepesi, na mafuta ya injini huwa mazito. Tena injini ya haibridi ikiwaka asubuhi haiwaki ili kuendesha gari tu. Huwaka ili kutia joto kwenye kifaa cha kusafishia moshi kilicho katika bomba, kwani kifaa hicho hakifanyi kazi kikiwa baridi. Kwa muda wa dakika moja hivi kompyuta huchelewesha cheche za plagi kwa makusudi, moshi utoke ukiwa na moto zaidi, na gari likiondoka husukumwa zaidi na umeme. Katika dakika hiyo injini ina sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyeamka na mafua. Hiyo ni kawaida.

Ni kawaida pia kwamba injini haikubali kuzima upesi, maana dereva akitaka joto ndani ya gari, joto hilo hutoka katika maji ya injini. Na betri kubwa ikiwa baridi haipokei umeme kwa wepesi. Ndiyo maana haibridi hupoteza sifa yake kipupwe cha Ulaya kikifika. Serikali ya Marekani imeeleza kuwa katika safari za mjini, baridi ikiwa nyuzi 7 chini ya sifuri, gari la kawaida hupungukiwa mwendo kwa asilimia 15 hivi kwa petroli ile ile, ukilinganisha na siku ya nyuzi 25. Lakini haibridi hupungukiwa asilimia 30 hadi 34. Kijana akilalamika kwamba petroli inakwisha upesi mwezi wa Januari, asitafute fundi.

Lakini kutikisika gari zima na kugonga vyuma ni jambo jingine. Silinda 4 ni kama wanawake wanne wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Kila mchi una wakati wake wa kushuka. Mmoja akikosa pigo, wote hupoteza mwendo na kinu huyumba. Mafundi wa mjini husema injini "inamisi". Na katika Prius kuyumba huko husikika zaidi, kwa sababu mota huizungusha injini kwa kasi kubwa toka mwanzo, nayo injini imefungamana na gia kwa sahani yenye springi. Silinda ikikosa kuwaka, springi zile hupigwa huku na huku zikagonga. Wengi wakisikia mlio ule hudhani gia imevunjika, ilhali chanzo kiko juu, mahali petroli inapowaka.

Kwa nini silinda ikose kuwaka asubuhi ya baridi kisha ipone yenyewe? Mara nyingi jawabu ni maji. Plagi iliyolowa haitoi cheche njema, na maji yakishachemka na kutoka, silinda huwaka kama nyenzake. Suala kubwa ni maji hayo yametoka wapi, maana yana njia mbili za kuingilia, na gharama za njia hizo hazifanani hata kidogo.

Njia ya kwanza wanachama wetu wataielewa kuliko watu wa London. Aliyewahi kuingia katika kiwanda cha mafuta ya karafuu pale Wawi ameona mvuke uliopita katika makonyo ukipitishwa katika bomba la baridi, na mwisho wa bomba yakadondoka mafuta na maji. Mvuke ukikutana na baridi hurudi kuwa maji. Basi petroli nayo ikiungua hutoa mvuke wa maji, tena mwingi kuliko tunavyodhani: lita moja ya petroli hutoa maji kiasi cha lita moja. Injini ikiwa na moto mvuke huo hutoka na moshi, wala hatuuoni.

Katika injini hii ya toleo la tatu, si moshi wote unaotoka nje. Waundaji wameweka njia ya kurudisha sehemu yake ndani ya injini, ambayo mafundi huiita kwa herufi tatu, EGR. Huo si ujinga. Moshi uliopozwa, ukichanganywa na hewa mpya, hupunguza ukali wa moto ndani ya silinda, hupunguza gesi mbaya, na husaidia kupunguza petroli. Moshi hupita kwanza katika kipozeo chenye maji pembeni yake, kisha katika vali, kisha huingia katika bomba la plastiki la kugawia hewa, na humo mna vijitundu vinne, kila silinda na chake.

Ila moshi ni moshi. Kila mwenye jiko la kuni anajua makuti ya juu yake yanavyokuwa baada ya miaka. Masizi hushika ndani ya kipozeo, tena katika vijitundu, na ukungu wa mafuta unaotoka ndani ya injini huyafanya yanate kama lami. Gari likizimwa usiku wa baridi, lile bomba la plastiki hupoa, mvuke uliobaki humo hugeuka maji, na maji hutuama pahali pa chini. Asubuhi mota inapoizungusha injini kwa kasi, maji yale hunywewa na silinda moja au mbili kwa funda moja. Hapo ndipo gari linapotetemeka. Safari fupi fupi huzidisha jambo hili, kwani injini haipati moto wa kutosha kukausha kilichomo.

Hayo ndiyo maji ya njia ya kwanza. Yanaudhi, ila kwa yenyewe ni kidogo.

Njia ya pili ni maji ya rejeta. Baina ya sehemu ya chini ya injini na kichwa chake pana gasketi, sahani nyembamba ya kuziba, ili moto wa silinda na maji ya kupoza visikutane. Gasketi ikiliwa pahala padogo, gari laweza kwenda mchana kutwa bila ya dalili. Lakini likizimwa, maji ya moto bado yana shindo katika mabomba yake, na shindo hilo huyasukuma polepole yapenye katika silinda. Gari likilala, maji hujikusanya juu ya pistoni. Baridi huzidisha, kwa kuwa vyuma hujikunja na kilichopenya hakikauki. Asubuhi ni mtetemeko ule ule, mlio ule ule, pengine na moshi mweupe wenye harufu tamu.

Tena njia hizi mbili zina udugu. Masizi yakiziba kipozeo na baadhi ya vijitundu, silinda moja hupata moshi mwingi na nyengine haipati kitu. Ile isiyopata huwaka kwa moto mkali zaidi, na petroli hulipuka kwa kugonga ndani kwa ndani. Mafundi wengi waliozifungua injini hizi wanaamini kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuliwa gasketi. Basi aliyeambiwa "ni baridi tu" akarudi nyumbani ametulia, huenda ameachiwa masizi yaendelee na kazi yao. Mpwa wa mwanachama wetu mwengine, naye yuko Uingereza, alivumilia mtetemeko kwa misimu mitatu ya baridi. Wa tatu haukumalizika. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ilipopanda ikayakuta yamejaa, mkono wake ukapinda, na injini ikavunjika njiani na abiria ndani.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, yapasa kujua ni maji yepi. Kipimo cha kwanza hakina gharama. Mwenye gari achukue kalamu ya wino, atie alama juu ya chombo cha maji ya injini asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa baridi kabisa, naye atazame kila asubuhi kwa wiki mbili. Maji yakipungua na chini ya gari hapana tone, yanaingia ndani. Aangalie asikosee chombo, maana Prius hili lina vyombo viwili vya maji, kimoja cha injini na kimoja cha kupoza mitambo ya umeme. Na asifungue kifuniko injini ikiwa na moto. Maji yale huruka yakamuunguza mtu uso.

Kipimo cha pili ni kusoma kumbukumbu za kompyuta ya gari. Namba P0301 mpaka P0304 hutaja silinda iliyokosa kuwaka, ya kwanza mpaka ya nne. Namba P0401 husema moshi unaorudishwa hautoshi, yaani njia imeziba. Namba hizo zataja silinda au njia, hazitaji sababu. Kuna mafundi husoma namba ya silinda wakauza plagi na koili papo hapo. Pengine huwa kweli ni plagi au koili, hatukatai. Na njia nyepesi ya kujua ni kuhamisha koili ya silinda ile kwenye silinda nyengine na kuona kama namba nayo itahama.

Kipimo cha tatu ndicho cha kukata shauri, nacho chataka fundi. Mabomba ya maji hutiwa shindo kwa pampu ya mkono na kuachwa usiku kucha. Asubuhi hutazamwa kama shindo limeshuka, kisha plagi zote nne hutolewa na kamera nyembamba kama mrija huingizwa katika kila silinda. Silinda inayovuja huonekana ina maji, au pistoni yake imetakata na kung'ara kwa kuoshwa na mvuke, wakati zile nyengine ni nyeusi. Kuna pia dawa ya buluu inayogeuka manjano ikikutana na gesi ya injini katika maji ya rejeta, lakini tundu likiwa dogo dawa hiyo yaweza isione kitu. Fundi asiyetaka kusubiri usiku mmoja, bali anataka injini mpya leo, aulizwe amejuaje.

Yakiwa ni maji ya mvuke, dawa yake ni usafi: kufungua kipozeo, vali, bomba na ile plastiki ya kugawia hewa, na kuviosha mpaka vijitundu vyote vinne vionekane wazi. Ni kazi ya siku moja kwa fundi aliyezoea. Kwa safari fupi, dereva ajitahidi angalau mara moja kwa wiki kwenda mwendo mrefu injini ipate moto barabara.

Yakiwa ni maji ya rejeta, gasketi hubadilishwa, na kichwa cha injini hupimwa kama bado kimenyooka. Hapo pia njia ya moshi ioshwe, vinginevyo gasketi mpya imewekwa mbele ya adui yule yule. Zile dawa za chupa za kumimina katika rejeta ili kuziba tundu, sisi hatuzipendi. Huziba pia njia nyembamba za maji ambazo hazikuwa na kosa. Na kwa kila kazi, nyaya nene za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu asiyejifunza magari haya, kwani umeme uliomo unaua.

Maneno machache kwa wanaonunua hapa nyumbani. Joto letu ni mfichaji mzuri. Gari lililokuwa likitetemeka kila asubuhi katika theluji ya Japani laweza kuwaka hapa Chake Chake kwa utulivu, na kosa likaonekana baada ya miezi. Toyota Aqua, tunayoiona zaidi, ina injini nyengine ya lita 1.5, lakini nayo ina njia ya kurudisha moshi, kwa hivyo iangaliwe vile vile. Nendeni kutazama gari baada ya sala ya Alfajiri, kabla mwenyewe hajaliwasha, na kwanza wekeni mkono juu ya boneti. Mkikuta lina joto, mwambieni mtarudi kesho.

Tulimwandikia kijana wa London haya yote. Alitia alama chombo chake kwa wiki mbili, na maji hayakushuka. Akalilaza gari kwa fundi wa nne, shindo likakaa usiku kucha, na silinda zote nne zilikuwa nyeusi sawasawa. Lakini kompyuta ilikuwa na P0401, na walipofungua walikuta vijitundu viwili kati ya vinne vimeziba kabisa. Vimeoshwa. Picha aliyotuletea mwezi wa Februari, siku yenye barafu vile vile, yaonyesha gari likiamka na ile sauti yake ya mafua, bila ya kutikisika. Ameambiwa aendelee kutazama alama yake kila wiki mpaka baridi iishe.

Mzee ameliondoa ombi lake la mkopo kwa barua ya tarehe 3 Machi, na nafasi yake imepewa mwanachama anayefuata katika orodha, aliyeomba fedha za majamvi ya kuanikia.